Siku Tuliyopimwa Pamoja

Kendi mwari wakwa, binti yangu,

Mmetoka alfajiri wewe na mama yako kwenda Kibugu kumuaga cucu, nyanya yako, nami nikabaki kwa kisingizio cha ng'ombe. Ng'ombe ameshakula, ameshakamuliwa, na sasa amelala pale nje akicheua huku akinitazama dirishani. Nimerudi kutoka kanisani, nimevua koti, nimekunywa chai, na nyumba imekuwa kimya kiasi cha kunitisha. Kesho saa kama hizi utakuwa umeshavuka mpaka pale Namanga, uko Tanzania. Kwa hivyo acha niandike kabla hamjarudi, maana ukiingia hapo mlangoni nitaanza tena kukuambia habari za mvua.

Mambo ya sweta, pasipoti, na kutokula vya njiani, mama yako ameyasema mpaka kuta za nyumba hii zinayajua kwa moyo. Sina la kuongeza. Nataka kukueleza jinsi ulivyonishtua. Na si wewe peke yako. Tangu nilipokwenda Tanzania ile safari ya walimu, nimeshtuka, nikashtuka tena, hadi leo sijatulia vizuri. Vipande vingine unavijua kwa sababu ulikuwepo. Vingine nilivificha.

Unakumbuka ile safari? Ulikuwa umemaliza Form Four, unangoja nafasi ya chuo kikuu. Sisi walimu wa vituo vya ufundi kutoka kaunti kadhaa tulichukuliwa kwenda kuona wenzetu wa upande wa Moshi wanavyofundisha, kwa sababu huku kwetu mtaala mpya ulikuwa unaingia na hakuna aliyeuelewa. Nilikwenda na kiburi changu chote. Nilijua Wakenya ndio wenye shule. Nilibeba kamera ya simu nikijiambia nitaleta picha za kuwachekesha wenzangu.

Mwenyeji wetu katika karakana ya uashi alikuwa mzee wa makamo yangu, Mwalimu Mushi, mpole, mwenye mvi, na alikuwa amevaa kofia ngumu ya manjano ndani ya chumba chenye dari. Tulipigana viwiko. Mwenzangu kutoka Embu aliniambia kwa sauti ya chini, "Huyu anaogopa dari imwangukie." Tukacheka kama watoto wa shule.

Halafu Mushi akainua kamba yenye uzito mwishoni, ile mimi maisha yangu yote ya kufundisha nimeiita plam bobu. Akauliza darasa, "Hii ni nini?"

"Timazi!" wakajibu.

Nikangoja aseme jina lenyewe kwa Kiingereza ili somo lianze. Hakusema. Somo lilikuwa limeshaanza. Aliendelea hivyo hivyo, pimamaji, mwiko, msingi, mkanda, lenta, kwa Kiswahili kile kile ambacho watu hununulia nyanya, na wale vijana waliuliza maswali! Mmoja alibishana naye. Binti mmoja alimwambia, "Mwalimu, hapo sijakubali, nieleze tena," na Mushi akaeleza tena. Mimi darasani kwangu sikuwahi kusikia mtu ananiambia hajakubali. Wangu hunyamaza, hunakili ubaoni, hunyamaza tena. Nilikuwa nikidhani hiyo ni heshima.

Nilisimama pale nikamkumbuka Ireri.

Ireri ulimkuta mwishoni, hukumjua mwanzo wake. Alikuja kituoni kwetu kutoka Kiritiri wewe ukiwa shule ya msingi. Alikuwa na mikono ambayo mwalimu huipata mara chache sana. Ukimpa mawe mabovu ya machimbo, yale yasiyolingana, anayageuza geuza, anayapanga, na ukuta unasimama kana kwamba mawe yalikubaliana yenyewe. Lakini mtihani wa siku zile ulikuwa na karatasi ya nadharia, na karatasi ile ilikuwa ya Kiingereza tupu. Eleza hiki, fafanua kile. Ireri alianguka. Akarudia, akaanguka tena. Siku ya mwisho alikuja ofisini akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, ukuta najua kuujenga. Kuueleza kwa Kizungu ndio sijui." Nilimwambia atie bidii kwa Kiingereza. Hilo ndilo nililokuwa nalo la kumwambia. Alirudi Kiritiri akawa anapakia mchanga kwenye malori.

Jioni, tukila, nilimwambia Mushi habari za lugha. Akasema, "Usidhani tumemaliza. Vitabu vyetu vingi bado ni vya Kiingereza, na mitihani mingine pia, na tunabishana kila mwaka. Lakini ukuta ukianza kumwangukia kijana wangu, sitampigia kelele kwa Kiingereza."

Kesho yake tulipelekwa shule ya sekondari ya jirani, ambako watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wameanza mkondo wanaouita amali. Mtoto anasoma hesabu na historia, na papo hapo anasomea ufundi, tangu akiwa mdogo, si baada ya kukosa nafasi kwingine. Kwetu tulikuwa tunasikia mabadiliko kama hayo yatakuja na mfumo mpya wa shule, kila mtoto achague njia yake, lakini nilikuwa sijawahi kuyaona kwa macho. Niliona wasichana wadogo wenye sketi za shule wanachanganya saruji. Nilipiga picha.

Tukiwa bado pale, mzazi mmoja akaingia kwa mkuu wa shule, mtu aliyevaa vizuri, amekasirika. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia kila kitu. "Mwanangu ana akili, mwalimu! Mbona mnamtupa huku? Mtoeni, mpelekeni sayansi."

Usiku wake mezani tulimwigiza yule baba, kila mtu kwa sauti yake. Mushi hakucheka. Aliniuliza, "Wewe, Murithi, una watoto?"

"Nina binti. Kendi."

"Anasoma nini?"

"Anangoja chuo kikuu. Ameitwa kusomea biashara, tunangoja tu barua."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula ndizi zake. Sikuelewa alichokuwa ananiuliza.

Nikuambie pia lililonishtua upande wa pili, usije ukafika kule ukidhani ni peponi. Siku ya kuondoka, nilikosea njia nikitafuta choo, nikafungua chumba kilichojaa mashine mpya, zimefunikwa turubai, vumbi juu. Kijana wa stoo akaniambia zililetwa na wafadhili, na hakuna aliyefundishwa kuziendesha. Nilicheka kwa uchungu, maana na sisi tunazo. Unakijua kile chumba chetu cha nyuma. Serikali mbili, bendera mbili, na turubai ni lile lile.

Nikarudi huku kwetu Kanyakine. Nikawaeleza walimu wenzangu habari za amali, nikawaeleza na habari za yule baba, wakacheka sana. Haikupita muda, nyumbani, mama yako akiwa anapakua, ukaweka simu mezani ukasema barua ya chuo kikuu imefika. Nikasimama ili niombe. Ukasema, "Kaa Baba, sijamaliza. Sitaenda. Nimejiandikisha uashi, kituoni kwenu."

Nilichosema unakijua, lakini nataka kukiandika kwa mkono wangu. Nilisema, "Nimefundisha watoto wa watu uashi ili wewe usifanye uashi!"

Mama yako aliacha upawa ndani ya sufuria. Wewe uliniangalia, hukulia, hukupaza sauti. Uliuliza tu, "Kwa hivyo watoto wa watu uliwadanganya?"

Kendi, nimepigwa na mambo mengi maishani. Nilimzika baba yangu nikiwa bado shuleni. Mvua ya mawe ilituchapia majani chai mpaka yakabaki vijiti. Lakini sijawahi kukaa mezani nikakosa kabisa pa kuweka macho yangu. Kila mwaka nilikuwa nikisimama mbele ya wazazi siku ya kupokea wanafunzi wapya, nikiwaambia ufundi si wa walioshindwa, ufundi ni kazi ya heshima. Nilikuwa nikisema kwa sauti kubwa. Na nilikuwa nikiamini, mradi iwe ni ya watoto wao. Yule baba wa Moshi nilimcheka kwa sababu nilidhani simjui.

Ukaja darasani kwangu. Nilikubana kuliko wote, na wenzako walidhani naogopa kuonekana nakupendelea. Haikuwa hivyo. Nilitaka uchoke. Nilikuwa nikikupa mawe mazito kwa makusudi, nikingoja siku utakayosema, "Baba, nimebadili nia." Hukusema. Mikono yako ilipasuka ikapona, ikapasuka tena, na mama yako akawa anaipaka mafuta jikoni huku akinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulikumbuka.

Wakati huo mageuzi yetu nayo yakawa yanaingia. Unajua jinsi nilivyokuwa nayadharau. Kituo chetu kimebadilishwa jina tangu kiitwe polytechnic ya kijiji, kikawa cha vijana, kikaja kuwa chini ya kaunti na jina jipya tena. Kila mara mchoraji wa kibao alikuja, na choo kikabaki kile kile. Kwa hivyo waliposema sasa hakuna tena kungoja mtihani wa mwisho, kwamba kazi itagawanywa vitengo na mwanafunzi atapimwa kwa kutenda, na kwamba watahini watatoka makazini, watu wanaojenga kila siku, nilisema kibao kingine hicho. Waliposema hata aliyejifunza kazi mtaani, bila darasa, anaweza kuja akapimwa na kupewa cheti, nikasema sawa, tutaona.

Halafu mkuu wa kituo akatuita walimu akasema na sisi tutapimwa.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mushi alikuwa ameniambia wao hutolewa darasani mara kwa mara wakafanye kazi kwenye majengo, wakirudi waonyeshe kama bado wanaiweza, na mimi nilimjibu kwa dharau, "Kwetu mwalimu hapimwi. Mwalimu hupima." Sasa zamu ikawa yangu. Mwenzangu wa useremala akauliza, "Na anayeshindwa?" Mkuu akasema atatoka darasani kwanza. Nilikuja nyumbani sikuwaambia. Nilisema tu kuna wageni watakuja.

Siku yenyewe unaikumbuka upande wako. Sasa sikia upande wangu.

Gari likaingia, akashuka mtahini. Wanjira! Nilimfundisha mimi mwenyewe, kabla yako, akiwa binti mwembamba wa Embu asiyeweza kuinua ndoo ya simiti. Sasa ana kampuni yake ndogo ya ujenzi Embu mjini. Alinisalimia kwa mikono miwili, "Mwalimu wangu," na moyo ukatulia. Nilijua nimeshapita.

Kisha nikageuka, nikamwona Ireri. Mtu mzima, ana watoto, mchanga bado umeganda kwenye viatu. Alikuwa amesikia habari kwamba unaweza kupimwa kwa kazi uliyojifunza mwenyewe, na kumbe miaka yote ile baada ya kazi ya mchanga alikuwa akijengea watu nyumba Kiritiri jioni na Jumamosi. Nilishindwa kumsalimia vizuri. Nilisema, "Ireri, umekuja?" kana kwamba simwoni.

Wanjira akatukusanya, akasema, "Maswali yatakuwa ya mdomo. Jibu kwa lugha unayoiweza." Nilimsikia Ireri akijibu, nusu Kiswahili nusu Kimbeere cha kwao, maneno yanamtoka kama maji. Swali moja alilijibu kwa kuinama na kuchora chini kwa kijiti. Karatasi iliyomtoa hapa haikuwepo tena. Nilitaka kufurahi. Niliona aibu tu.

Tukapewa kazi: kona ya ukuta, kuanzia chini hadi juu ya kichwa, na jukwaa la kusimamia ujenge mwenyewe. Wewe ulikuwa kona ya tatu kutoka kwangu. Nilijenga, Kendi. Acha nijisifu kidogo, nilijenga vizuri. Ukuta ulipofika kifuani nikaegemeza mbao zangu kama nilivyofanya tangu ujana, nikapanda. Kofia ngumu zilikuwa zimepangwa mezani karibu na mlango. Niliziona. Nilidhani ni za watoto.

"Mwalimu, shuka," nikasikia.

"Bado safu mbili tu, Wanjira."

"Shuka, Mwalimu. Umemaliza."

Kila mtu aliacha kazi. Nilishuka nikiwa na mwiko mkononi. Alitikisa jukwaa langu kwa mkono mmoja na ubao wa juu ukateleza ukaanguka pale nilipokuwa nimesimama. Hakusema kitu kuhusu ukuta. Ukuta ulikuwa umenyooka, hata yeye aliupitishia kiganja. Akasema lile neno la mtaala mpya ambalo nilikuwa nimelisoma kwenye karatasi bila kulisikia: "Bado hujaweza."

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia mbele ya wanafunzi wangu, mbele yako, "Wanjira, mimi ndiye niliyekushikisha mwiko!"

"Ndiyo, Mwalimu." Macho yake yalikuwa yamejaa maji lakini sauti haikutetemeka. "Na ndiye uliyenifundisha kupanda hivyo hivyo."

Akanivuta kando. Hapo ndipo hukusikia, kwa hivyo nakuambia sasa. Alisema kazi yake ya kwanza, baada ya kutoka kwangu, alianguka kutoka ghorofa ya kwanza. Alikuwa ameegemeza mbao kama mimi. Alizinduka hospitali, na kwa muda mrefu hakujua kama atatembea. Ndiyo maana anatembea akiinama upande kidogo, jambo ambalo mimi nililiona nikadhani ni maringo ya mjini.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuona kama baba. Nani anamwambia baba yake kitu kama hicho?"

Nilifikiria wote, Kendi. Darasa baada ya darasa. Niliwafundisha ukuta unyooke, na nikawafundisha, bila kutamka neno, kwamba fundi wa kweli haogopi. Nilijaribu kukumbuka ni wangapi nimesikia wameumia, nikagundua sikuwahi kuuliza. Mwanafunzi akishatoka kwangu na cheti, mimi nilimaliza naye.

Matokeo yakasomwa. Wewe, umeweza. Ireri, ameweza, na vijana wakampigia makofi mpaka akafunika uso na kofia. Mimi nilikuwa nimeenda nyuma ya banda la mchanga. Nilikaa juu ya mfuko wa simiti, nikiwa na umri huu, nikisikia watu wanashangilia binti yangu na nisiweze kuinuka.

Ukanifuata. Nikakuambia, "Nenda kwa wenzako." Hukwenda. Ulikaa juu ya mfuko mwingine, ukachukua mwiko wangu ukaanza kuukwangua simiti iliyokauka, taratibu, bila kuniangalia. Baada ya muda ukasema, "Wamesema bado, Baba. Hawajasema hapana."

Sijui neno hilo ulilipata wapi. Kwangu hukulipata. Ireri nilipomwambia atie bidii kwa Kiingereza, nilikuwa ninamwambia hapana. Na wewe mezani, siku ya barua, nilikuwa ninakuambia hapana.

Ulivyoona, nilitolewa darasani nikapewa funguo za stoo. Ninyi mlidhani nilikubali kwa unyenyekevu. Wiki za kwanza nilikuwa nikikaa mle ndani nikiwasikia mnafundishwa na kijana mgeni, nikitamani akosee. Kisha siku moja nikampigia Wanjira. Nilimwambia ninataka kuja kazini kwake, kama wanafunzi wanavyokwenda. Akasema, "Njoo, Mwalimu. Utakuwa chini ya msimamizi wangu."

Nilipofika Embu pale kwenye jengo, msimamizi alikuwa Ireri. Wanjira alikuwa amemwajiri baada ya siku ile! Alinijia na kofia mkononi, anaona haya kuliko mimi, akasema, "Karibu, Mwalimu. Kofia kwanza."

Nikavaa.

Nilifanya kazi chini yake. Alinirekebisha mara nyingi, kwa upole ambao mimi sikumpa. Siku moja, tukinywa chai juu ya matofali, nilimwambia, "Ireri, ile siku ofisini, nilikujibu vibaya." Akatafuna mkate wake. Kisha akasema, "Mwalimu, nilikuwa na hasira na wewe miaka mingi. Sasa nina kazi. Tunywe chai." Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba aseme. Nimejifunza kukaa na hilo.

Nilipimwa tena nikaweza. Hilo unalijua, tulichinja kuku. Lakini somo langu la kwanza niliporudi darasani hukulisikia, ulikuwa umekwenda kufuatilia pasipoti. Niliingia na kofia kichwani, nikainua ile kamba, nikasema, "Hii ni timazi." Kijana mmoja nyuma akainua mkono akasema, "Mwalimu, kabla hatujaendelea, ni kweli ulianguka mtihani?" Nikawaeleza yote. Walipomaliza kunishangaa, wakaanza kuuliza maswali, na hawajaacha hadi leo. Ninachoka vibaya sana. Sijawahi kufurahia kazi hii namna hii.

Sasa unakwenda kwa Mushi. Niliposikia kwamba wamekukubali kwa hatua inayofuata, nusu ya muda chuoni na nusu kwenye majengo chini ya mjenzi, nilifurahi halafu nikaogopa. Watu wameniuliza, si hapa kwetu pia wameanza mambo kama hayo? Wameanza, ndiyo, na wengine wanayafanya vizuri. Lakini wewe ulitaka uone namna mbili kabla hujachagua yako, na mimi niliyeona kwa siku chache tu na kurudi na picha za kuchekesha sina kinywa cha kukukatalia.

Utaona mazuri kule, na utaona mashine chini ya turubai. Usirudi ukituambia hatuna kitu. Wala usiwaambie wao kwamba Kenya tuko mbele, nilifanya hivyo nikala aibu yangu polepole, na bado naimeza. Angalia tu wanachofanya na mtu aliyeshindwa. Huko kwao au huku kwetu, kibao cha mlangoni na jina la mtaala havitakuambia lolote. Angalia aliyeshindwa anaenda wapi, na nani anamfuata.

Na ukishindwa, maana utashindwa mahali fulani, kazi hii haina mtu asiyeshindwa, nipigie mimi. Usinifiche kwa sababu mimi ni baba yako. Wanjira alinificha kwa sababu hiyo, na sijui kama nitawahi kuacha kuwaza kuhusu ile ghorofa.

Nimebakiza jambo moja, la leo asubuhi. Najua utalisikia kwa wengine, kwa hivyo acha ulisikie kwangu kwanza.

Tangu ulipoanza, kila aliyeniuliza habari zako kanisani nimekuwa nikimjibu, "Yuko chuo." Sikusema chuo gani. Nilisema tu chuo, nikanyamaza, na wao wakamalizia wenyewe. Kuna mama aliyeniuliza digrii yako itaisha lini, nami nikasema karibu.

Leo mchungaji alisema ataombea wanaosafiri. Akaniita mbele kwa niaba yako, akanipa kipaza sauti, akasema, "Mzee Murithi, tuambie binti yetu anakwenda kusomea nini huko nje."

Nilisimama. Niliona wale wazee wote niliokaa nao kwenye kamati, wake zao, walimu wa shule ya msingi waliokufundisha kusoma. Nikasema, "Kendi ni mwashi. Anajenga kwa mawe na simiti. Alikataa chuo kikuu, nami nikawa na aibu nikawaficha. Amefaulu mtihani ambao mimi baba yake nilianguka. Anakwenda Tanzania kuendelea na uashi."

Hata watoto waliacha kulia. Mchungaji alikuwa ameshika Biblia kifuani, mdomo wazi. Mwenyekiti wa kamati ya maendeleo alinitazama kana kwamba nimevua nguo. Nikawaza kwamba labda nimekuharibia jina siku moja kabla hujaondoka.

Kisha cucu Gatwiri, yule mjane wa pale juu karibu na kiwanda cha chai, akasimama kwa kushikilia kiti cha mbele. Hakungoja kupewa kipaza sauti. Akauliza kwa sauti ya kukasirika kabisa, "Kwa hivyo huyo msichana amekuwa fundi wakati huu wote, na tangi langu la mawe linavuja tangu mvua ya mwaka jana, na hakuna mtu aliyeniambia?"

Kanisa lote likapasuka kwa kicheko. Mchungaji alijaribu kuanzisha maombi akashindwa, akacheka na yeye. Watu wanne wamenisimamisha nje kuuliza kama unajua kuweka vigae.

Cucu Gatwiri nimemwambia utakuwa nyumbani Krismasi, na tangi lake ndilo la kwanza.

Nasikia gari huko barabarani, nadhani ni ninyi.

Baba yako,
Murithi